Shibe Si Kipimo cha Afya

Mama wa Mweiga, katika Kaunti ya Nyeri, amezungukwa na mashamba ya viazi na kabichi. Hata hivyo, swali lake ni lile lile la mwenzake wa Lamu: mwanangu ameshiba tu, au amelishwa vyema?

Macho hayatoshi kujibu. Mtoto wa shule hupimwa kwa mambo matatu pamoja: umri, kimo na uzito. Tuchukulie msichana wa miaka 9 mwenye sentimita 116 na kilo 21. Uzito wake unalingana na kimo chake, na amwonaye atasema yu mzima. Lakini kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, wastani wa kimo cha umri huo ni takriban sentimita 132. Huo ni udumavu, dalili ya upungufu wa muda mrefu. Viazi hujaza tumbo. Maharagwe, mayai, maziwa na dagaa ndivyo vijengavyo mwili.

Basi, akina mama, tuhifadhi tarehe za kuzaliwa, na kila muhula tuombe kimo kipimwe na kiandikwe pamoja na uzito. Akionekana kubaki nyuma, tumpeleke zahanati mapema. Mtoto ni amana, na amana hukaguliwa.