Fahamu: Siri za watu kwenye kompyuta ya ofisi

Mtunza kumbukumbu wa kata kama Isansa, wilayani Mbozi mkoani Songwe, siku hizi anatakiwa ajue kuchapa, kupanga mafaili kwenye folda, kutunza nakala ya akiba na kuweka nywila. Hayo mtu makini huyamudu mapema. Kazi iko kwenye maadili.

Tazama namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA): tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukipeleka flashi steshenari kuprinti orodha ya wanufaika yenye namba hizo, faili likabaki kwenye kompyuta ya pale, umeshagawa umri wa watu bila kuwauliza. Kulifuta tu hakutoshi. Mara nyingi huishia kwenye kapu la taka, na yeyote anaweza kulirudisha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na zilindwe. "Nilirusha kwenye grupu la WhatsApp ziwafikie haraka" si utetezi.

Anayetaka kuisomea fani hii ya kutunza kumbukumbu, kipo chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka Bagamoyo. Nawe unayepeleka fomu ofisini, uliza nakala yako inakaa wapi.