Jazi Huru Nayo Ina Taratibu Zake

Wengi wetu jina la jazi tulilipata kwenye bendi za dansi, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, ambako kazi ya gitaa ilikuwa wazi: kuwanyanyua watu vitini. Ndiyo maana mtu akiwekewa jazi ya kijasiri ya leo, ile ambayo saksofoni inapiga yowe na ngoma zinashika njia zake, huona haraka kwamba hizo ni kelele za wasomi. Naona sivyo, na ushahidi wangu unatoka Afrika Kusini. Uhuru wa wanamuziki wa huko haukuja kwa kuutupa utaratibu. Waliacha utaratibu wa nota zilizoandikwa wakashika mwingine wa zamani zaidi, wa kanisani na msibani, ambao msikilizaji wa kwetu ameuzoea tangu utotoni bila kufundishwa na yeyote.

Mwaka 1964 kundi la Blue Notes la Afrika Kusini lilialikwa kwenye tamasha la Antibes, Ufaransa. Mpiga piano, Chris McGregor, alikuwa Mzungu. Wenzake walikuwa weusi: Dudu Pukwana na Nikele Moyake kwenye saksofoni, Mongezi Feza kwenye tarumbeta, Johnny Dyani kwenye besi na Louis Moholo kwenye ngoma. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, kukaa jukwaa moja mbele ya watu mchanganyiko kulikuwa kujitafutia matatizo na polisi, basi waliposafiri wakabaki uhamishoni. Walipitia Uswisi, kisha 1965 wakahamia London, isipokuwa Moyake aliyerudi nyumbani na kufariki muda si mrefu. London nayo ilikuwa na vijana waliochoka kuiga Wamarekani. Kwa Blue Notes walikuta watu wanaocheza kwa uhuru wote huku mdundo na nyimbo za kwao zikiendelea kusikika ndani yake, na baadaye wengi wao wakaketi pamoja nao katika bendi kubwa ya McGregor, Brotherhood of Breath.

Rekodi inayonishawishi kuliko zote ilizaliwa na kifo. Feza alifariki London Desemba 1975, akiwa na miaka 30. Siku chache baadaye McGregor, Pukwana, Dyani na Moholo walikutana kwenye chumba cha mazoezi wakaanza kupiga, bila nota wala wimbo waliokubaliana, mitambo ikirekodi. Kampuni ya Ogun ikaitoa kazi hiyo kwa jina Blue Notes for Mongezi. Humo besi inarudia fungu moja kwa muda mrefu, sauti za watu zinaita na kuitikia, saksofoni inapanda hadi inakaribia kuwa kilio cha mtu. Anayetafuta ubeti na kiitikio atapotea mapema. Lakini aliyewahi kukaa matangani anajua kinachoendelea: hakuna anayegawa zamu, na bado kila mtu anajua lini aingie, lini amwachie mwenzake, na lini sauti zote zikutane. Utaratibu huo ni mgumu kuliko wa kusoma karatasi, kwa sababu anayekosea hana pa kujificha.

Wapo watakaosema naipaka jazi rangi ya Uafrika kwa nguvu, na kwamba muziki huu ni wa Marekani. Deni kwa Marekani halina ubishi. Blue Notes waliwapenda Ellington na Monk. Wala sisemi habari za damu: McGregor alikuwa mtoto wa mwalimu wa misheni, akakulia Transkei akisikia tenzi za kanisa na nyimbo za Waxhosa kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba ujasiri wao ulikua pale walipoacha kuona aibu kuleta jukwaani walichokuwa nacho. Nduduzo Makhathini, mpiga piano wa KwaZulu-Natal, ni mfano ulio hai. Amejifunza kwa kusikiliza rekodi za Wamarekani John Coltrane na McCoy Tyner, naye pia ni mganga wa jadi anayeuona upigaji wake kuwa sehemu ya uganga huo. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Blue Note ilitoa albamu yake, Modes of Communication. Kabla ya hapo alipiga katika Wisdom of Elders ya 2016, rekodi ambayo Shabaka Hutchings, mpulizaji wa London aliyekulia Barbados, alisafiri mpaka Johannesburg kuirekodi. Njia waliyoondokea Blue Notes sasa inapitiwa na wanaokuja kujifunza.

Pingamizi zito zaidi ni la Derek Bailey, mpiga gitaa wa Sheffield, aliyetaka kubuni papo hapo bila kuegemea lugha ya muziki wa watu wowote. Hoja yangu haimfikii, nami nakubali. Muziki wa aina hiyo naheshimu. Sidhani kama ndio mlango wa kumkaribishia mgeni.

Mgeni na aanze na albamu ya Brotherhood of Breath ya 1971, kwa wimbo MRA wa Pukwana, ambao unachezeka kabisa, kisha amsikilize Makhathini. Blue Notes for Mongezi ije mwisho, isikilizwe bila kuruka sehemu. Urefu wake ni wa maombolezo, si wa wimbo wa redio, na anayeruka hatasikia wale wanne wanavyotoka kwenye kilio na kuingia kwenye kuimba bila yeyote kutoa ishara.