Mpunga wa Tanzania, mbolea ya Kenya: hesabu ya gesi joto mashambani

Lori la mchele likivuka Namanga kuelekea Nairobi, mzigo unaingia Kenya lakini gesi iliyotoka shambani inabaki katika hesabu ya Tanzania. Ndivyo kanuni za kimataifa zinavyotaka: gesi joto ya kilimo huandikwa kwa nchi lilipo shamba, si kwa nchi ya mlaji. Asiyejua hilo atazisoma vibaya takwimu za nchi hizi mbili.

Takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zinaanzia mwaka 1961. Katika nchi zote mbili mifugo hutoa gesi nyingi kuliko mazao, lakini hapa yanazungumziwa mazao peke yake.

Kinachoitofautisha Tanzania ni mpunga. Jaluba likijaa maji udongo hukosa hewa, na vijidudu vilivyomo hutoa methani, gesi inayopasha joto takriban mara 27 ya kaboni daioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Kwa viwango vya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, hekta iliyofurika msimu mzima wa siku 120 hutoa gesi sawa na karibu tani 4 za kaboni daioksidi. Majaluba ya Shinyanga na Mwanza yanayotegemea mvua hutoa pungufu. Hata hivyo eneo la mpunga limepanuka mno tangu miaka ya 1960, likafikia karibu hekta milioni moja. Kenya, pamoja na Mwea na Ahero, inalima makumi machache ya maelfu na kununua nje sehemu kubwa ya mchele wake. Usafi wake katika methani, basi, kwa kiasi fulani ni wa kuazima.

Upande wa Kenya, cha kutazama ni mbolea. Mahindi chotara yalianza kutolewa Kitale mwaka 1964, na soko la mbolea lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wauzaji wadogo waliifikisha vijijini. Tanzania iliondoa ruzuku miaka hiyohiyo, ikairudisha mwaka 2003. Mwaka 2022 nchi zote mbili zilitoa ruzuku. Kenya mfuko wa kilo 50 ulishuka kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Sehemu ndogo yake hugeuka udongoni kuwa oksidi ya nitrasi, gesi kali mara 273 ya kaboni daioksidi. Ukijumlisha na kaboni iliyomo ndani ya urea yenyewe, mfuko mmoja hutoa sawa na kilo 135 hivi. Lori la tani 30 lenye mifuko 600 limebeba tani 81 za gesi ambayo haijatoka bado. Dizeli lita 1,000 za safari hutoa tani 2.7 tu, nazo huandikwa kwenye usafirishaji.

Kwa mpunga dawa inajulikana: kilimo shadidi, kilichoanza kujaribiwa Mwea mwaka 2009, huacha jaluba likauke kwa vipindi, na kukausha huko hupunguza methani kwa theluthi moja hadi nusu. Mnunuzi akiuliza gesi ya mchele, jibu liko kwa mkulima: maji yalikaa siku ngapi. Magunia ya skimu tofauti yakichanganywa kwenye mashine ya kukoboa, taarifa hiyo imepotea kabla lori halijafika mpakani.