Muuguzi akijitoa chamani, nani hupata na nani hupoteza?

Ukilazwa hospitalini, mtu utakayemwona mara nyingi kuliko wote ni muuguzi. Yeye ndiye hukupima joto la mwili, hukutundikia chupa ya maji, hukupa dawa usiku wa manane na ndiye huitwa kwanza hali yako inapobadilika. Kwa hivyo, lile swali ambalo wauguzi wengi hujiuliza wakati wa mapumziko yao ya chai linakuhusu wewe pia. Swali lenyewe ni hili: Je, tubaki katika chama chetu cha wafanyakazi au tujitoe?

Wanaotaka kujitoa wana sababu zao. Ada ya chama hukatwa mshaharani kila mwezi, iwe chama kimewafaa au hakikuwafaa. Kukiwa na mgomo, mshahara unaweza kusimamishwa huku karo na kodi ya nyumba zikisubiri. Na hata mkataba ukitiwa sahihi, kutekelezwa kwake ni jambo lingine.

Malalamiko hayo hayakuzuka hivi hivi. Tangu mwaka wa 2013, huduma nyingi za afya ziko chini ya serikali za kaunti, nazo ni 47. Muuguzi aliyekuwa na mwajiri mmoja, yaani serikali kuu, sasa anategemea kaunti yake. Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni 5 hadi Novemba 2, karibu miezi mitano. Februari 2019, wauguzi wa kaunti kadhaa waligoma tena, wakidai kwamba waliyoahidiwa mwaka wa 2017 hayakutimizwa. Desemba 2020, wakati wa janga la korona, waligoma wakitaka vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya kazi ya hatari.

Wanaotaka kubaki nao hujibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Muuguzi mmoja akienda peke yake kwa wakuu wa kaunti kulalamika, ni rahisi kwake kuhamishwa au kupuuzwa. Wakienda wote, itabidi wasikilizwe.

Usichanganye mashirika

Wako wanaoogopa kwamba wakitoka chamani watapoteza leseni. Hilo si kweli. Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo husajili wauguzi na kuwapa leseni. Chama cha kitaaluma hushughulikia mafunzo na hadhi ya kazi. Chama cha wafanyakazi, kama vile Kenya National Union of Nurses, ndicho hujadiliana na mwajiri kuhusu mshahara na hali ya kazi. Baadhi ya wauguzi wa hospitali za kibinafsi na za makanisa huwakilishwa na KUDHEIHA, chama ambacho pia huwatetea wafanyakazi wa hoteli na wa nyumbani.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka wa 2010 humpa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Kifungu cha 36 nacho husema hakuna mtu atakayelazimishwa kujiunga na chama chochote. Anayetaka kutoka humwandikia mwajiri barua, na makato husimama kuanzia mwezi unaofuata.

Lakini hapa ndipo penye mambo mawili ambayo wengi hawayajui.

Kwanza, Sheria ya Mahusiano ya Kikazi ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri atambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Wakitoka wengi hadi nusu hiyo ikakosekana, mwajiri anaweza kudai kwamba halazimiki tena kujadiliana na chama hicho. Barua moja haina uzito mkubwa, lakini barua mia tatu katika kaunti moja zinaweza kufunga meza ya mazungumzo.

Pili, si lazima anayetoka aokoe pesa zake. Ikiwa chama kina mkataba uliosajiliwa mahakamani, Waziri wa Leba anaweza kuagiza wasio wanachama wanaofaidika na mkataba huo wakatwe ada ya uwakilishi. Muuguzi huyo atakuwa analipa, lakini hana kura ya kuchagua wala kuondoa viongozi.

Mgonjwa yuko wapi?

Fahali wawili wapiganapo, nyasi ndizo huumia. Katika mgomo, mwenye pesa huenda hospitali ya kibinafsi. Asiyekuwa nazo hubaki nyumbani. Mama hujifungua bila mkunga aliyefunzwa na mtoto hukosa chanjo. Ndiyo sababu sheria ya mwaka wa 2007 huweka hospitali miongoni mwa huduma muhimu na kukataza migomo humo, ingawa Katiba inatambua haki ya kugoma. Mvutano huo huishia mahakamani mara kwa mara.

Hata hivyo, mgonjwa huumia pia pale wauguzi wasipokuwa na sauti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2002, kuhusu wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja zaidi aliyeongezwa kwa muuguzi aliandamana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa katika siku 30. Idadi ya wauguzi katika zamu ni jambo linaloweza kujadiliwa mezani pamoja na mshahara, ikiwa bado kuna mtu wa kuketi mezani hapo.

Kabla ya kutia sahihi

Ikiwa wewe ni muuguzi na barua ya kujitoa iko mfukoni, jiulize maswali haya: Je, tatizo lako ni chama au ni viongozi wake? Viongozi hubadilishwa kwa kura. Je, umewahi kuomba kuona hesabu za chama? Mwanachama ana haki ya kuzikagua. Je, ukitoka, nani atakayekutetea siku utakapoitwa mbele ya kamati ya nidhamu? Ikiwa una majibu na bado unataka kutoka, hiyo ni haki yako.

Na ikiwa wewe ni mgonjwa au jamaa wa mgonjwa, usingoje mgomo ndipo uulize. Muulize mwakilishi wako katika bunge la kaunti ni wauguzi wangapi hufanya zamu ya usiku katika hospitali iliyo karibu nawe, na kama mkataba waliotiliana sahihi na serikali unatekelezwa.