Kuhesabiwa Ndani ya Kitabu

Katika mji wa New York, mtoto wa kike wa miaka mitano, mwenye asili ya Afrika, alikuwa akitazama kitabu cha picha katika shule ya watoto wadogo, akauliza kwa nini watoto wa vitabuni ni weupe siku zote. Swali hilo lilimfikia Nancy Larrick, bingwa wa mafunzo ya kusoma, naye mwezi wa Septemba 1965 akaliweka mwanzoni mwa makala yake katika gazeti la Saturday Review, akalifuatishia hesabu aliyoikusanya kwa saburi kubwa: kwamba katika vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa Marekani na wachapishaji aliowauliza, tangu 1962 hata 1964, vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, awe katika maneno au katika picha, vilikuwa 349, yaani asilimia 6.7. Lugha yetu inalo neno liifaalo habari hii, kwani mtu mwenye heshima kwao husemwa kuwa anahesabiwa, na asiyehesabiwa, ajapokuwa ameketi katikati ya baraza, hufanana na asiyekuwapo. Mtoto yule alikuwa amejihesabu, akajikosa.

Wazazi wengi, na walimu pia, hudhani kwamba mtoto mdogo hana habari ya tofauti za watu, na kwamba kumtajia ni kumfundisha ubaguzi ambao hakuzaliwa nao. Dhana hii ina wema ndani yake, walakini si sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, juu ya watoto wachanga wa miezi mitatu wa Israel na wa Ethiopia, ulionyesha kwamba mtoto aliyezungukwa na watu wa asili moja tu hutazama kwa muda mrefu zaidi nyuso za asili hiyo, ilhali watoto wa Kiethiopia waliolelewa Israel, waliokuwa wakiona nyuso za namna mbili kila siku, hawakupendelea upande wowote. Jicho, basi, huanza kuzoea kabla ulimi haujajua kusema, na lile lililozoewa ndilo mtoto hukua akilidhania kuwa ndiyo desturi ya ulimwengu. Ndiyo sababu kitabu cha picha, ambacho humfikia kabla ya herufi, kina kazi kubwa hasa pale ambapo mtaa mzima ni wa watu wa namna moja na hapana jirani wa kumzoesha.

Mfano niupendao kuliko yote ni kitabu cha Ezra Jack Keats kiitwacho The Snowy Day, kilichotoka mwaka 1962. Keats alizaliwa Brooklyn mwaka 1916, mtoto wa Wayahudi waliohama kutoka Poland, na jina lake la kwanza lilikuwa Jacob Ezra Katz, alilolibadili baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa sababu ya chuki waliyokuwa wakifanyiwa Wayahudi. Kwa hivyo alijua maana ya kufungiwa mlango kwa ajili ya nasaba. Mwaka 1940 alikata katika gazeti la Life picha chache za mtoto mdogo mweusi wa jimbo la Georgia aliyekuwa akingoja kutolewa damu ya kupimwa, akazihifadhi, mara akizibandika ukutani na mara akizibandua, kwa muda wa miaka 22, hata alipopata nafasi ya kutunga na kuchora kitabu peke yake, ndipo wajihi ule ukawa wa Peter, mtoto wa kitabu hicho.

Na Peter anafanya nini? Anaamka, anaona theluji, anavaa nguo yake nyekundu, anatoka. Anatembea vidole vikielekea nje, kisha vikielekea ndani. Anaupiga mti kwa fimbo, theluji inamwangukia kichwani. Anatia donge la theluji mfukoni limfae kesho, na jioni anakuta mfuko mtupu. Hapana mwovu anayemwonea, wala mwema anayekuja kumwokoa, wala neno lolote linalotaja rangi yake. Rangi imo katika picha kama ilivyomo katika maisha, na mtoto anayesomewa ana shughuli kubwa zaidi, nayo ni kujua donge limekwenda wapi. Picha zenyewe Keats alizijenga kwa vipande vya karatasi na vitambaa alivyovikata na kuvibandika, gauni la mama akalitoa katika kitambaa kilichopakwa mafuta ambacho watu hutandika kabatini, na mahali pengine akanyunyiza wino kwa mswaki, hata ukurasa ukawa kitu ambacho mtoto hutamani kukipapasa. Kitabu kilipata nishani ya Caldecott, ya vitabu vya picha, mwaka 1963, na mwaka 2020, Maktaba ya Umma ya New York ilipotimiza miaka 125, ilitangaza kwamba kimeazimwa mara 485,583, zaidi ya kitabu kingine chochote katika historia yake.

Larrick mwenyewe hakuridhika. Aliona kwamba maneno hayasemi kuwa Peter ni mweusi, na kwamba mama yake, mnene mwenye gauni la rangi kali, amechorwa kwa mazoea ya zamani. Kuhusu mama, hoja yake yafaa kusikilizwa, maana mchoraji mwenye nia njema huweza kurithi mkono mbaya pasipo kujua. Kuhusu kimya cha maneno sikubaliani naye, kwani mgeni ndiye aelezwaye, mwenyeji huishi tu. Na mtoto ambaye kila aonekanapo kitabuni ni lazima kwanza aelezwe yeye ni nani na kwa nini yupo, hata akielezwa kwa mapenzi, bado amewekwa kibarazani.

Hata hivyo liko jambo ambalo Keats hakuweza kulitoa, nalo ni urithi wa mtoto kutoka kwa watu wake mwenyewe. Tom Feelings, mchoraji mweusi aliyezaliwa Brooklyn vilevile, mwaka 1933, na aliyepata kukaa Ghana, alishirikiana na mkewe Muriel, aliyepata kufundisha Uganda, wakatoa mwaka 1971 kitabu cha Moja Means One, kinachohesabu tangu moja hata kumi kwa Kiswahili, na moja yake ni mlima Kilimanjaro. Kisha mwaka 1974 wakatoa Jambo Means Hello, cha herufi 24, kwa kuwa Q na X hatuna kazi nazo. Vyote viwili vilipewa heshima ya Caldecott. Mtoto wa Tanga au Lamu hujifunza kusema moja, mbili, tatu juu ya mkeka wa mama yake bila kuyafikiria maneno hayo mara ya pili. Lakini kwa mtoto wa Brooklyn, ambaye babu zake waliporwa hata majina, kuhesabu kwa lugha ya Afrika kulikuwa ni kuhesabiwa, na huwa naona fahari kwamba lugha iliyotumwa kazi hiyo ni hii yetu.

Mwaka 1990 mwanachuoni Rudine Sims Bishop alisema kwamba kitabu huweza kuwa kioo cha kujionea, au dirisha la kuwatazama wengine, au mlango wa kupita kuingia kwao. Akaonya kwamba mtoto mwenye vioo peke yake naye amepunjwa, kwa sababu hukua akidhani dunia ni nyumba yake. Onyo hilo latuhusu sisi pia. Kitabu cha mwigizaji Lupita Nyong'o, Sulwe, cha mwaka 2019, ambacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na Kijaluo, kinamsimulia binti mweusi tii anayejaribu kujifuta weusi wake kwa raba, na ni nani kati yetu asiyejua nyumba ambayo mabinti husifiwa kwa weupe? Nakihitaji kitabu hicho, nami humpa mtoto kwa moyo mkunjufu. Lakini sipendi kiwe cha kwanza, kwa kuwa hueleza jeraha, na mtoto apaswa kujuana na mwenzake mzima kabla ya kujuana na jeraha lake. Kadhalika mtoto mwenye ualbino: natamani watoto wa Tanzania wamwone kitabuni akikimbilia mpira, au akimficha mdogo wake nyuma ya pipa la maji, kabla hawajakutana naye katika somo la kuwahurumia wenzao.

Yabaki namna ya kusoma, ambayo aghalabu ndiyo hukiharibu kitabu kizuri. Msomaji mwenye haraka hufika mwisho kisha hufunga jalada na kuuliza tumejifunza nini, na mtoto, ambaye ni mwepesi wa kututambua, hujibu tupende watu wote, akaenda zake. Mwaka 1988 mtafiti Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba wazazi waliofundishwa kuuliza maswali yaliyo wazi, na kuyapanua majibu ya mtoto badala ya kusoma moja kwa moja, watoto wao walitangulia wenzao katika kusema. Mimi hukaa chini kimo cha watoto, kitabu nikikielekeza kwao na si kwangu, nikaacha kidole cha mtoto kitangulie sauti yangu. Akisema nywele za huyu si kama zangu, sistuki wala simnyamazishi, bali humwuliza zikoje, na zake zikoje, na za mama je. Nikifika ukurasa ambapo Peter anapeleka mkono mfukoni kulitafuta donge lake, hunyamaza kabisa. Daima yuko mmoja atakayepeleka mkono wake mfukoni mwake naye, kuangalia.