Masisi na Walikale: Vipimo vya ubongo vyaonyesha alama ambayo vita huacha

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, mlango wa bati ukigongwa na upepo usiku unatosha kumrusha mtu kitandani. Mtoto anakaa darasani, lakini sikio lake liko barabarani. Jirani husema amerogwa, mwalimu husema ni mvivu.

Uchunguzi wa ubongo wa watu walionusurika vita unatoa maelezo mengine. Ubongo wao umezoea kutafuta hatari kabla ya kitu kingine chochote, na jambo hilo linaweza kupimwa.

Vipimo hivyo vilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, nchini Ujerumani, kwa wakimbizi waliopitia vita na mateso. Mshiriki huingiza kichwa katika kofia kubwa, ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku za nje. Chembe za ubongo zinapofanya kazi hutoa nguvu ndogo sana ya sumaku, na mashine huinasa kwa kasi ya elfu moja ya sekunde. Hakuna sindano wala mionzi.

Hannah Adenauer na wenzake waliwaonyesha washiriki picha za kawaida na picha za kutisha. Kwa wenye ugonjwa wa kiwewe, sehemu ya mbele ya ubongo iliruka juu mapema mno, kati ya milisekunde 130 na 160 baada ya picha ya kutisha kutokea. Muda mfupi baadaye, sehemu za nyuma, zinazochunguza kile ambacho jicho linaona, zilipunguza kazi.

Kwa maneno mengine, ubongo ulipiga kengele, kisha ukageuka upande. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Mtu wa namna hiyo hushtuka haraka, lakini hapati nafasi ya kutazama vizuri na kutambua kwamba huu ni upepo tu.

Tiba ya kamba, mawe na maua

Mwaka 2011 timu hiyo ilitoa habari njema zaidi. Wakimbizi 34 waligawanywa kwa kura: 16 walipata tiba ya kusimulia maisha, 18 walisubiri zamu. Miezi minne baada ya tiba, dalili za waliotibiwa zilikuwa zimepungua, na sehemu za nyuma za ubongo wao zilifanya kazi zaidi mbele ya picha za kutisha. Waliweza tena kutazama bila kukimbia.

Tiba hiyo haihitaji mashine. Mtu hutandaza kamba chini, inayowakilisha maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka maua kwa siku njema na mawe kwa siku mbaya. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kila jiwe kwa mpangilio, mpaka tukio la zamani likae mahali pake pa zamani.

Haihitaji daktari bingwa pia. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliopewa mafunzo waliwahudumia wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia, katika utafiti wa watu 277 uliochapishwa mwaka 2008. Mashariki mwa Kongo, tiba hiyo imejaribiwa kwa wapiganaji wa zamani, na pia kwa wasichana waliowahi kuingizwa katika makundi yenye silaha.

Mawe yanaongezeka

Ugumu ni kwamba mawe bado yanaongezeka. Mwaka 2010, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa katika vijiji 13 vya Walikale, kwa siku nne tu. Mwezi Januari 2025 M23 waliingia Masisi-centre; tarehe 19 Machi wakaingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Raia wanapokimbia, msaidizi wa kisaikolojia naye hukimbia, na vikao hukatika.

Tena, si kila aliyeona vita ni mgonjwa. Mahali risasi zinapolia, kushtuka ni kinga. Lakini ndoto mbaya, kushtuka ovyo na kushindwa kutulia vikizidi mwezi mmoja, mtu anapaswa kufika kituo cha afya na kumuulizia msaidizi wa kisaikolojia, anayejulikana kama APS.

Kwa mwalimu, somo ni fupi zaidi: mtoto anayetazama mlango badala ya ubao huenda hajakataa kusoma. Aulizwe kwanza kilichompata, kabla ya kuadhibiwa.