Joto Lisiloandikwa Halipimiki Tena

Mama wa nyumbani asemapo kwamba usiku wa Kigali siku hizi una joto kuliko zamani, je, asema kweli? Jawabu halitoki katika jasho la usiku mmoja, bali katika daftari la miaka mingi.

Pale Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, pana kituo cha hali ya hewa. Kipimajoto huwekwa kivulini, penye kupita hewa, na kila siku huandikwa joto la juu kabisa na la chini kabisa. Wataalamu hutaka walau miaka 30 ya maandishi hayo ndipo waitaje tabia ya nchi.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vituo vingi vya Rwanda vilinyamaza, na vingine vikakaa hivyo miaka mingi. Baadaye pengo lilizibwa kwa makadirio ya kompyuta yaliyounganishwa na vipimo vilivyosalia. Lakini makadirio hupunguza makali: siku moja ya joto la kupita kiasi huweza kufichika ndani yake.

Askari aelewa jambo hili. Zamu iliyoachwa jana hailindwi leo.